Wamefunga Mimi ama Wamefunga Msichana?

Mwenye ploti yetu ya Kitengela ndiye mtu pekee niliyewahi kumjua aliyewasha televisheni kwa ajili ya matangazo. Filamu ikianza, aliinuka kwenda kuwatazama mbuzi wake nyuma ya nyumba. Habari zikianza, alichukua shanga zake akaendelea kutunga. Lakini muziki wa tangazo ukilia, hata kama ni tangazo la dawa ya mende, aliinua mkono kutunyamazisha sote, akasogeza kiti mbele.

"Ukitaka kujua watu wanaogopa nini," aliniambia siku moja, "angalia kile wanauziwa."

Tulimwita Koko. Ni neno la Kimaasai la nyanya, na wapangaji wote walilitumia: Mluhya kama mimi, Mkamba wa nyumba ya mwisho, hata yule kijana wa Kisomali aliyekaa miezi michache tu akahama. Jina lake halisi nililijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sioni kwa nini nianze leo.

Nilifika kwake na binti yangu Imani akiwa bado ananyonya. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, katika ofisi ya kiwanda cha rangi upande wa Mombasa Road, na Kitengela palikuwa mahali ambapo mshahara wangu uliweza kulipia nyumba yenye dirisha linaloingiza jua. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja. Imani alipoanza gredi ya sita bado tulikuwa pale.

Alikuwa mkali, Koko. Kamba za nguo zilikuwa na zamu, na ole wako uanike siku isiyo yako. Viatu vilivuliwa mlangoni kwake, kwa sababu ule udongo mweusi wa Kitengela ukinyeshewa haungojei ruhusa ya mtu kuingia ndani. Mpangaji akiacha mfereji wazi, Koko alisimama mlangoni kwake bila kusema neno mpaka mtu atoke mwenyewe kwenda kuufunga. Lakini Jumapili baada ya kanisa mlango wa sebule yake ulikuwa wazi kwa yeyote, na watoto wa ploti walijazana sakafuni. Kulikuwa na chai ya maziwa mengi, yenye ladha ya chumvi kidogo kwa sababu ya maji yetu ya kisima, na kulikuwa na maswali.

Maswali yake hayakuwa ya kawaida. Tangazo la benki lilipoonyesha familia ikicheka mezani, aliuliza, "Kwani wamekopa ndio wanacheka hivyo?" Tangazo la gari likipanda mlima bila vumbi, aliuliza ni nani aliyemwaga maji barabarani kabla. Tangazo la dawa ya meno lilimfurahisha kuliko yote. Meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia, kama ya watu wengi waliokunywa maji ya visima vya Kajiado tangu utotoni. Mwanamke wa kwenye tangazo akitabasamu kwa meno meupe kama karatasi, Koko aliinama kuyaangalia kwa karibu.

"Huyu maji yake inatoka wapi?"

Nilimwuliza kama tangazo hilo halimuudhi. Alifikiri sana. Alikuwa mtu wa kufikiria swali kabla ya kulijibu, hata swali la mchezo.

"Hii haijanitukana," alisema. "Ndio mtu akutukane, lazima kwanza ajue uko. Hii haijui kama niko."

Kulikuwa na tangazo la sabuni ya kuogea ambalo mwanamke alionekana mgongo wazi, povu likiteremka. Likija, Koko aliwaamuru watoto wafunge macho, na yeye mwenyewe akaweka kiganja usoni. Imani ndiye aliyetoboa siri. "Mama, Koko anaangalia katikati ya vidole." Koko hakukana. Alisema mtu mzima lazima aone ili ajue kama watoto wanaweza kufungua macho. Siku moja tangazo hilo likakoma kuonyeshwa, tukasikia kwamba makanisa yalilalamika na likafungiwa. Mimi nilishukuru. Koko akaingiwa na udadisi. Alimwuliza mchungaji, aliwauliza wapangaji, alimwuliza fundi aliyekuja kurekebisha antena: nani hasa aliyefunga? Waliketi wapi? Walilitazama mara ngapi kabla ya kusema ni baya?

"Sasa hao," aliniambia, "ndio wameona hiyo mgongo kutushinda sisi wote."

Hivyo ndivyo alivyokuwa kabla yeye mwenyewe hajaingia ndani ya tangazo.

Watu wa kampuni moja ya matangazo walikuja Kitengela wakitafuta nyanya wa Kimaasai. Walitaka mwenye uso mzuri na asiyeogopa kamera. Mtu wa kanisani aliwaelekeza kwa Koko. Kijana aliyewaongoza alikuwa na kofia aliyoivaa kinyumenyume, na alipiga magoti kumsalimia, jambo ambalo si desturi ya Kimaasai wala ya mahali pengine ninapopajua hapa Kenya, lakini Koko alisema alionyesha nia. Walimweleza hivi: kijana anarudi nyumbani kutoka mjini, amekuja na mke na mtoto mchanga. Nyanya anampokea mtoto na kumbariki. Basi.

"Kubariki vile nabariki kabisa?" aliwauliza.

"Kabisa, Koko. Vile mnafanya nyumbani."

Lazima nieleze kwa wasiojua. Kwa Wamaasai, mate ya mzee ni baraka. Mzee anayekupenda hukunyunyizia kidogo sana, kama umande, kiganjani au utosini, huku akimtaja Enkai, Mungu. Koko alikuwa anajulikana kwa hilo. Mtoto akizaliwa katika ukoo wake wa Isinya, au msichana akiolewa, alitumiwa mtu wa kumchukua. Hata sisi tusio Wamaasai tulizoea. Imani wangu alibarikiwa na Koko wiki tuliyohamia, na mimi, niliyelelewa katika nyumba ya shemasi, nilisema amina.

Walipiga picha kwenye boma moja nje ya Isinya. Koko alirudi jioni akiwa amechoka na mwenye furaha. Alitueleza habari za mtoto, mnono, asiyelia. Alitueleza habari za msichana aliyeigiza mke wa kijana, kwamba naye ni Mmaasai, wa Matasia, na kwamba alipomsalimia aliinamisha kichwa kiguswe, kama mtoto aliyefunzwa. "Nyanya yake anauza maziwa karibu na kanisa," Koko alisema. "Amemlea vizuri." Koko alipewa shukrani yake ya pesa, na juu ya hiyo akapewa katoni nzima ya bidhaa yenyewe: vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto.

Siku ambayo tangazo lingetoka kwa mara ya kwanza, sebule ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Ilikuwa kabla ya habari za jioni. Boma likaonekana, na jua, na Koko akiwa na shanga zake zote. Watu wakapiga vigelegele. Akampokea mtoto, akafumba macho, akanyunyiza, midomo ikitaja jina la Enkai. Nilimwangalia Koko wa kwenye kiti na Koko wa kwenye kioo, na wote wawili walikuwa wamefumba macho.

Kisha picha ikabadilika. Sasa kijana, mkewe na mtoto walikuwa ndani ya gari, wanaondoka. Kioo cha dirisha kikapanda. Msichana akatoa kitambaa, akampangusa mtoto utosini haraka, mara mbili, tatu, akakunja pua, akacheka na mumewe. Sauti ya mwanamume ikasema: "Mapenzi ya nyanya ni mengi. Na viini pia."

Mtoto mmoja alicheka, kwa sababu lilikuwa limetengenezwa ili watu wacheke. Mama yake akamziba mdomo. Koko aliangalia tangazo lililofuata, la unga, mpaka mwisho. Halafu akauliza kama chai imebaki.

Sijui nyumba nyingine zilikaaje na tangazo hilo. Lilipita mara nyingi kwa siku. Kwenye redio ya Kimaasai watu walipiga simu kwa hasira: baraka imefanywa uchafu, mzee amefanywa ugonjwa. Baadhi ya kina mama wa kanisani walimwambia Koko waziwazi kwamba ameuza kitu kisichouzwa. Wajumbe wa Isinya wakaacha kuja. Mtoto wa mjukuu wa dada yake alizaliwa, akabarikiwa na mwanamke mwingine, na Koko akasikia habari hizo kwa muuza mkaa.

Na kwetu kwenye ploti likatokea jambo dogo ambalo naamini lilimuumiza zaidi. Kina mama wenye watoto wachanga walianza kuwavalisha kofia. Joto la Kitengela, mchana, mtoto na kofia ya sufu. Koko alipita katikati ya kamba za nguo, akawaona, akasalimia, akaendelea.

Baada ya wiki kadhaa tangazo likaondolewa. Taarifa iliyosomwa ilikuwa fupi: tangazo limesimamishwa kwa kuwa linakiuka maadili na kuwaudhi watazamaji. Mchungaji alikuja kumpongeza. "Mungu amekutetea, mama." Kazini kwangu, wakati wa chakula cha mchana, nilisikia pongezi za aina nyingine. "Heri wameitoa hiyo kitu," mwenzangu mmoja alisema. "Mtu anatemea mtoto mate na mimi niko na sahani ya githeri mkononi!" Meza nzima ikakubaliana naye. Maneno hayo sikuyapeleka nyumbani.

Koko hakuyahitaji. Jumapili hiyo aliwapa watoto chai, akaketi, akanigeukia.

"Mama Imani, wewe unasoma Kizungu. Hebu niambie. Wamefunga mimi, ama wamefunga msichana?"

"Wamefunga tangazo, Koko."

"Tangazo iko na watu wawili. Mmoja anatema, mmoja anapangusa. Nani aliudhi watu?"

Nilimwambia bila shaka ni yule aliyepangusa. Aliniangalia kwa muda, akaona kwamba sijui.

"Twende tuwaulize," akasema.

Nilidhani ni maneno tu. Lakini alianza kuniuliza siku zangu za mapumziko, na mwezi huo nikajikuta nimeketi naye katika ofisi fulani Nairobi, ghorofa ya juu, mahali panapopokelewa malalamiko ya watazamaji. Alikuwa amevaa shanga zilezile za kwenye tangazo. Mlinzi wa mlangoni alimtambua, akaona haya, akatuonyesha lifti.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mwenye mafua. Alidhani tumekuja kudai fidia, na ilimchukua muda kuelewa kwamba mzee huyu amekuja kuuliza swali tu. Koko aliliuliza kama alivyoniuliza mimi, neno kwa neno. Afisa akachezea kikombe chake.

"Mama, nikuambie ukweli?"

"Si ndio nimekujia."

"Watu wengi waliotuandikia walilalamikia mate. Walisema wanaona kinyaa, na lilikuwa linatoka wakati wa kula. Wachache ndio walisema linadharau wazee na mila."

Nilimtazama Koko. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Hapana, si hivyo tu." Afisa alisogeza kiti. Akaanza kutueleza jinsi kazi yake ilivyo, na nadhani hakuwa amewahi kuulizwa na mtu aliyetaka kweli kujua. Alisema kuna mambo yaliyo wazi: pombe saa za watoto, mwili wa mtu uliotumiwa kuuza kitu kisichohusiana nao, bidhaa inayodai kuponya isichoponya. Hayo hayabishaniwi. Taabu ni neno lile kuudhi. "Tunajiuliza, je, mtu wa kawaida akiona hii ataudhika?"

"Huyo mtu wa kawaida," Koko akauliza, "anakaa wapi?"

Afisa akacheka, halafu akaona kwamba Koko hachezi.

"Nataka nijue kama ni wa Magadi ama ni wa hapa karibu," Koko akaendelea kwa upole. "Kwa sababu wa Magadi ataudhika na kitambaa. Wa hapa ataudhika na mate. Nyinyi mlimwangalia yupi?"

"Sijui, mama," afisa akasema. "Tuliketi watu kadhaa, tukabishana kutoka asubuhi hadi jioni. Mwenzangu mmoja alisema tukate ile sehemu ya gari, tuache baraka peke yake. Mwingine akasema tukate baraka. Lakini sisi hatukati. Tangazo likifungwa linafungwa lote." Akapenga kamasi, akaomba msamaha. "Hata yule msichana alikuja hapa kulalamika."

"Msichana gani?"

"Aliyeigiza mke. Alisema walimwambia mtoto ameshika vumbi, ampanguse. Hakuambiwa litaunganishwa na nini. Alikuwa ameketi hapo ulipoketi, analia. Alisema kwao hawamsemeshi."

Koko aligeuka akaangalia kiti chake mwenyewe, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Tulipotoka nje hakuzungumzia tena nani alifungiwa. Alisema, "Matasia, karibu na kanisa. Maziwa."

Hapa niseme kidogo kuhusu ile katoni ya vitambaa, kwa sababu watu wengi wangedhani aliitupa. Hakuitupa. Alivitumia vyote. Alipangusia rimoti, alipangusia miguu yake akitoka kwa mbuzi, alipangusia kioo cha televisheni. Imani alipomwuliza kama havimkumbushi mambo mabaya, alisema kitambaa ni kizuri sana, kinanukia, kosa si lake. Na huyu huyu Koko aliyejulikana kwa mate ya baraka hakuvumilia mtu akohoe bila kufunika mdomo. Alikuwa akimfukuza mtoto mwenye mafua kutoka sebuleni, akamwita dirishani kumpa mandazi. Nilimwuliza siku moja kama haoni viini ni viini tu, vya baraka na vya mafua. Alisema anajua. Alisema daktari wa Kajiado alimweleza, na tangu hapo anapobariki mtoto mchanga hunyunyizia kiganja chake kwanza, kikakauka, ndipo akamgusa kichwa. Kwenye tangazo ndiko kijana wa kofia alimwomba afanye kama zamani, ili kamera ione.

Tulikwenda Matasia Jumamosi, tukapanda boda boda mbili kutoka Kiserian. Njiani kulikuwa na nyumba mpya za mawe zikijengwa katikati ya mashamba ya mboga, na Koko aliuliza kwa kila jirani tuliyempita wapi panauzwa maziwa. Nyanya wa msichana alikuwa uani, akisuuza mitungi. Alimjua Koko kabla hajafika langoni. Kila mtu alimjua.

"Takwenya," Koko akamsalimia.

"Iko," akajibu, bila kuacha kazi.

Alitupa viti kwa sababu adabu ilimlazimisha. Msichana mwenyewe alileta chai, akaweka chini, akarudi jikoni, na katika muda huo wote nyanya yake alitazama mitungi. Nilihesabu kimya kile kuwa si cha siku moja. Walizungumza Kimaasai, na Koko baadaye alinieleza kila kitu, na mengine niliyaelewa kwa nyuso zao.

Koko alianza na ng'ombe. Kisha mvua. Kisha akasema: mimi ndiye niliyepanguswa. Kama kuna mtu wa kukasirika ni mimi, na mimi nilimwona mtoto huyu siku nzima, akiinamisha kichwa kwa kila mzee kwenye lile boma, hata kwa dereva aliyekuwa na mvi. Alidanganywa kama nilivyodanganywa. Hakuna kati yetu aliyeonyeshwa kipande cha mwenzake.

Nyanya akajibu kwa sauti ya chini. "Mimi sikukasirika kwa ajili yako. Watu wanaokuja kununua maziwa wananiuliza, mjukuu wako akikuamkua, na wewe anakupangusa? Wananiuliza wakicheka. Kila asubuhi. Kisha wananunua maziwa kwa mwingine."

Koko akainua kikombe, akanywa, akakirudisha. Mwishowe akasema kitu kidogo sana, na ndicho alichosita kunitafsiria, mpaka nikamwomba tena siku nyingine. Alisema: "Na mimi, kina mama wa kwangu wanawafunika watoto wao kofia. Mbuzi ndio pekee hawanitoroki."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Nyanya akaanza kucheka bila kutaka, mkono mdomoni, na Koko akacheka, na nilikaa katikati yao nikiwa sielewi kinachochekesha. Kicheko kilipokwisha, nyanya aligusa kikombe cha Koko kwa nje.

"Hii imepoa," akasema. Akageukia jikoni. Nilimwona akivuta pumzi. "Wewe," akaita, si kwa jina, "leta ingine."

Msichana alitokea mlangoni mbio sana hata akagonga fremu kwa bega. Alisimama pale kidogo kuhakikisha ni yeye aliyeitwa.

Mambo hayakurudi yote. Wateja wa maziwa walirudi baadhi. Msichana aliacha uigizaji kwa muda, kisha nikamwona kwenye tangazo la mbegu za mahindi, amevaa gambuti, na Koko akaita ploti nzima ije imwone. Kanisani kina mama wawili hawakumzoea Koko tena mpaka nilipohama. Lakini mwaka uliofuata mjukuu mwingine wa yule muuza maziwa alizaliwa kule Matasia, na mtu aliyetumwa kumchukua Koko alikuja asubuhi na pikipiki, akiwa amefunga mto kwenye kiti ili mzee asiumie.

Nilihamia Athi River. Koko naye magoti yalimshinda, binti yake akamchukua akaishi naye Kajiado mjini, nyuma ya soko. Mwaka huu nilikwenda huko kwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu, na baada ya keki kukatwa nikatoroka kwenda kumwona.

Macho yamefifia. Ameketi karibu sana na televisheni, karibu aiguse. Alinitambua kwa sauti, akaniuliza habari za Imani na shule ya bweni, akaniuliza kama kiwanda bado kinauza rangi ile ya kijani ambayo alisema hakuna nyumba inayoistahili. Binti yake alituletea chai akatuacha. Tulikuwa tunaongea hivyo, matangazo yakaanza, akainua mkono. Nikanyamaza.

Lilikuwa tangazo la viungo vya mchuzi. Familia ya Kiluhya, ya kule kwetu magharibi, imeketi mezani, baba mnene mwenye tai, na katikati sahani ya kuku. Baba anasimama kuomba. Harufu inampiga puani, anafumbua jicho moja, na sala ndefu inakatika katikati: "Pwana asifiwe, tukule!" Watu wote mezani wanacheka. Kisha mtoto mdogo anamwiga, "Pwana, Pwana," na wanacheka zaidi, na jina la viungo linatokea.

Koko hakucheka. Alinigeukia.

"Huyu ni wa kwenu?"

"Ndiyo, Koko."

"Watu wako hivyo?"

"Wengine."

"Imefungwa?"

"Hapana. Watu wanaipenda sana."

Akalifikiria hilo. "Sasa mimi nicheke ama nisicheke?"

Nikataka kumwambia acheke tu, ni mchezo. Nikataka kumwambia pia asicheke. Baba yangu alikuwa shemasi, na kuku akiwa mezani sala yake ilipungua nusu, sisi watoto tukijua na mama akijua. Yule baba wa kwenye tangazo alikuwa yeye kabisa, hadi tai. Lakini kuna kitu kingine hapo ndani kilikuwa kimenichoma, na sikuwa nimekijua jina.

"Kusema kweli sijui, Koko."

"Basi tungoje irudi."

Tukangoja. Kulikuwa na kipindi cha mapishi, kisha mtu akieleza hali ya hewa. Lilipoanza tena Koko hakulitazama. Aligeuza kiti chake, taratibu, kwa sababu ya magoti, akaniangalia mimi, uso wake karibu na wangu kama alivyozoea kuukaribia ule wa televisheni.

Baba akasimama. Jicho likafumbuka. Nikacheka, nikacheka kwa moyo, kwa ajili ya baba yangu, na Koko akaanza kucheka pamoja nami, akipiga goti lake bovu.

Mtoto akasema, "Pwana, Pwana."

Nilikumbuka mkutano wangu wa kwanza kiwandani. Nilisimama mbele ya watu nikasema "bajeti" kwa ulimi wa kwetu, "pajeti," na kwa mwezi mzima kila aliyepita mezani kwangu aliniuliza pajeti iko wapi. Tangu siku hiyo huwa nalipima neno kabla halijatoka. Kicheko kilikuwa kimeniishia bila mimi kukisimamisha.

Koko naye akanyamaza papo hapo. Alinyoosha kidole, si kwenye televisheni, kwangu.

"Ni hapo," akasema.